Mwanamke wa Ndani ya Kifuniko

North York, Toronto
Jumamosi, 18 Januari 2025

Kaka yangu Kinoti,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na watoto, nikiomba Mungu barua hii iwakute mkiwa wazima na maharagwe ya vuli mkiwa mmeshayaingiza ndani. Mama ameniambia goti lako limeanza tena kukusumbua na kwamba unafundisha ukiwa umekaa. Pole sana. Mimi mwili ni mzima, nakula, na kazini naenda. Huku theluji imefika madirishani, maana bado nakaa kwenye chumba cha chini ya ardhi, na asubuhi nikitazama nje naona weupe tu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimeituma kwa sanduku la posta la shule yako kwa sababu simu yako haipokei namba yangu, na sikulaumu. Tangu Baba azikwe ni miaka mitatu na nusu, nasi hatujasikiana sauti. Nakuomba kitu kimoja: ukitaka kuichana barua hii, ichane baada ya kuimaliza. Ninaiandika nikiwa na hofu, na nimekaa na hofu hii tangu mwezi wa kumi. Acha nikueleze ilivyoanza.

Bado nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwavisha, kuwapikia. Mwaka jana nilipangiwa mzee mmoja mzungu aitwaye Cliff, umri wake miaka sabini na tisa, mgane asiye na mtoto. Alikuwa na saratani iliyokuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Ujana wake wote alikuwa seremala katika jumba la makumbusho, akitengeneza makabati ya vioo ya kuwekea vitu vya kale. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alipenda kuniuliza habari za kwetu, nami nilimwambia kwamba kabla ya kuja huku nilikuwa nachora mabango ya maduka pale Nkubu. Nilimweleza hata yule simba wa duka la dawa za mifugo, yule uliyesema anafanana na mbwa wa jirani. Alicheka mpaka akashika mgongo.

Siku moja mwezi wa kumi aliniomba nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka gereji. Katikati ya gereji, juu ya stendi mbili, palikuwa na jeneza. Nilirudi nyuma nikagonga baiskeli iliyoning'inia ukutani. Alisema nisiogope, ni mbao za msonobari tu, amelitengeneza mwenyewe kabla miguu haijakataa. Kifuniko chake kilikuwa kando, kimepigwa msasa kikawa laini kama meza ya padri. Akaniambia anataka nimchoree mwanamke kwa ndani ya kifuniko hicho, upande utakaomtazama yeye.

Mwanamke mwenyewe alikuwa kwenye picha ya zamani aliyoitoa mfukoni. Nilimwuliza ni nani, naye alinieleza polepole, akipumzika kati ya maneno. Wamisri wa kale walimwita Nut, mungu wa kike wa anga. Yeye mwenyewe ndiye anga: ameinama juu ya dunia, ncha za vidole vya mikono upande mmoja na vya miguu upande mwingine, na mwili wake umejaa nyota. Mumewe ni ardhi, amelala chini yake. Baba yake ni hewa, anasimama katikati na kuwatenganisha wasigusane. Kila jioni Nut hulimeza jua kwa kinywa chake, usiku kucha jua hupita ndani ya mwili wake, na alfajiri hulizaa upya. Zamani alipokuwa na mimba alikatazwa kuzaa siku yoyote ya mwaka, mpaka mungu wa hekima akacheza kamari na mwezi, akashinda mwanga wa kutosha siku tano ambazo hazikuwa za mwezi wowote. Ndani ya siku hizo tano Nut akajifungua watoto wake. Na mtu akifa, walimlaza kwenye jeneza kama mtoto anayerudishwa tumboni, na mama huyo wakamchora ndani ya kifuniko ili amfunike.

Cliff alikuwa na miaka ishirini na minne walipofungua jeneza moja pale makumbusho, yeye akiwa ameshika ncha ya kifuniko. Walipokigeuza aliuona uso wa yule mwanamke. Aliniambia, "Miaka zaidi ya elfu mbili alikuwa anamtazama maiti gizani. Hakuna mwingine aliyekusudiwa kumwona." Nilimwuliza kama anamwabudu. Akasema yeye haamini chochote. "Ila sitaki kufunikwa na ubao mtupu."

Kaka, nilikataa. Nilimwambia mimi ni Mmethodisti, na jioni nilipofika nyumbani nilifungua Kutoka sura ya ishirini nikasoma kwa sauti kuhusu sanamu na mfano wa kitu chochote kilicho juu mbinguni. Yeye hakunibembeleza. Lakini siku ya tatu nilipofika nilimkuta gereji, kiti kimegota kwenye mguu wa stendi, anajaribu kuchora mwenyewe. Mkono ulikuwa unatetemeka na rangi ya buluu imemtiririkia ndani ya shati mpaka kwapani. Nilimwogesha, nikambadilisha, kisha nikashika brashi. Kampuni yetu hairuhusu kumfanyia mteja kazi nyingine, kwa hiyo nilikuwa nachora baada ya saa zangu kuisha, nikisikiliza mlango.

Nilikosea jambo moja, nilianza na macho. Tangu hapo, kila nilipoingia ndani ya ile gereji yalinifuata. Nikawa namfunika uso kwa leso yangu nikichora miguu. Mwezi wa kumi na moja ukielekea mwisho, huku jua linazama saa kumi na dakika arobaini, na kile kidirisha cha gereji kinakuwa chekundu, halafu kijivu, halafu basi. Mimi mwanamke mzima nilikuwa nasimama hapo na brashi nikihisi kweli kuna kinywa kinachofunga. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwetu kule Kigane kwa sauti ya juu, na Cliff ndani ya nyumba alidhani nina furaha.

Aliyekuwa akija kumwangalizia dawa zake ni muuguzi mmoja mama wa makamo, Mhindi wa kwetu, anayeitwa Arzina. Amezaliwa Kisumu, watu wao walihama miaka ya sabini, sasa anakaa Mississauga, na Kiswahili chake ni kile cha zamani cha dukani, kitamu sana kusikia. Mimi namwita Mama Arzina. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja alinikuta jikoni nachemsha uji, akaniuliza picha imefika wapi. Nikamwambia mwili umekwisha, zimebaki nyota. Akashusha pumzi akasema basi daktari atakuja kabla ya Krismasi.

Nilikuwa nimemsikia Cliff mwenyewe akisema mara nyingi, "Kifuniko kikiisha nitampigia daktari." Nilidhani ni daktari wa kumwongezea dawa za maumivu. Nilimwambia hivyo Mama Arzina.

"Mwanangu," akasema, "hukuambiwa?"

Akanieleza. Kanada sheria inamruhusu mgonjwa wa namna ile, akiwa na akili zake timamu, kumwomba daktari amsaidie kufa. Wanakuja nyumbani na sindano. Cliff alikuwa ameshahojiwa na madaktari wawili na kukubaliwa. Kilichobaki ni yeye kutaja siku, na alisema siku ataitaja kifuniko kitakapokamilika.

Uji uliungua na sikuunusa. Kumbe kila jioni nilipokuwa naimba nyimbo za Bwana nilikuwa namchorea mtu huyu siku yake ya kufa. Nilitaka kwenda kushtaki, lakini kwa nani, na sheria yenyewe ndiyo iliyoruhusu? Nilifikiri kuacha kazi. Halafu likanijia wazo jingine, na hili ndilo ninalokiri kwako kwanza. Kama kifuniko hakiishi, Cliff hafi.

Basi nikawa sikimalizi. Nyota za Wamisri zina ncha tano, ni rahisi, kwa jioni moja naweza kuchora thelathini. Nikawa nachora nne. Nikasema rangi ya njano haikauki kwa baridi. Nikasema brashi imeharibika. Jioni nyingine, Kaka, nilichukua kitambaa na tapentaini nikafuta za juzi. Nilikuwa najiambia nampigania maisha, na kila nilipofika asubuhi nikamkuta anapumua nilijiona nimeshinda. Krismasi ikapita. Nilimpikia kuku, akala vijiko viwili.

Lakini mgongo wake haukujua habari za rangi. Wiki zile zilikuwa mbaya kuliko zote. Dawa zilimlevya bila kumwondolea maumivu, na akipunguziwa ili azungumze, alikuwa anauma taulo. Nilikuwa nampanga mito huku na huku, namwona jasho linavyomtoka kwenye baridi ile, na moyoni najua kuna njia moja ya kumsaidia na nimeifunga mimi. Hata hivyo sikuifungua. Nilikuwa naogopa zaidi kuliko nilivyokuwa namhurumia. Hilo ni gumu kuliandika.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu aliniomba nimpeleke gereji. Nilimwambia kuna baridi, akasema nimfunge blanketi. Alikitazama kifuniko, akasema nyota zimepungua. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Nkatha, ni nani unayemchelewesha? Si mimi. Mimi hunifahamu kiasi hicho."

Nikamwambia. Nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji nikamweleza mambo ya Baba ambayo sijamweleza mtu yeyote huku. Nilidhani atanipa neno la kunifariji. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasema, "Mimi sijali nyota tena. Mgongo unaniuma." Basi.

Nilichora usiku na mchana siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kanisani sikuenda. Jumatatu asubuhi alimpigia daktari mbele yangu, na siku ikawa Jumatano.

Alitaka niwepo. Nilikuwa nimeamua nitakaa jikoni, lakini mpwa wake aliyetoka Vancouver alishindwa kusimama, na Cliff akanyoosha mkono kuelekea mlangoni nilipokuwa. Nikaingia nikaushika. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimwuliza jina lake, akamwuliza kama anajua kitakachotokea, akamwuliza kama bado anataka, na akamwambia anaweza kukataa hata sasa. Cliff akasema anataka. Mimi meno yalikuwa yanagongana. Aliniangalia akasema, "Unatetemeka kuliko mimi." Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha. Nilisubiri alie, au afumbue macho ghafla, au mimi mwenyewe nipigwe na kitu kutoka juu. Alikoroma kidogo kama mtu aliyechoka na shamba. Halafu hakukoroma. Mkono ulibaki na joto kwa muda mrefu, mpaka nikadhani wamekosea. Mama Arzina alinibandua vidole kimoja kimoja.

Alizikwa juzi. Kabla ya kufunga walinipa nafasi, nikakishika kifuniko upande wa kichwani, nikakishusha pamoja na wengine, na nilimwona yule mwanamke akimshukia Cliff mpaka nafasi ya katikati yao ikaisha. Sijui kama nimetenda dhambi kumchora. Sijui kama nimetenda dhambi kuushika ule mkono. Naogopa kumwuliza mchungaji kwa sababu ana jibu, na jibu lenyewe nalijua. Nikipanda basi najikuta natazama mikono yangu.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Kaka, mwezi wa sita mwaka ule wa pili wa korona, Baba alipokuwa kwenye mashine pale Meru, wewe ndiwe uliyekuwa kwenye benchi la nje. Madaktari walikuambia ubongo wake hautaamka. Ulinipigia mara tatu kuniomba tukubaliane mashine izimwe, na mara zote tatu nilikuambia unisubiri, wiki moja tu, karatasi zangu ziko karibu kutoka, nakuja. Ukanisubiri. Ukasubiri siku tisa, Baba akiwa na bomba kooni na vidonda mgongoni. Ulipotia sahihi bila mimi, niliandika kwenye kundi la ukoo, watu sitini na zaidi wakisoma, "Kinoti amemuua Baba kwa kalamu." Ulimzika Baba ukiwa umebeba neno hilo. Shangazi alikukataa mkono kaburini. Mama amenisimulia.

Sikuwa nakuja, Kaka.

Wakili alikuwa ameshaniambia wiki mbili kabla. Kesi yangu ya ukimbizi ilikuwa haijasikilizwa, na mtu wa namna yangu akitoka Kanada harudi. Nilijua mwaka ule wote sitapanda ndege. Nilikuambia usubiri kwa sababu Baba akifa ningekuwa mtoto ambaye hakuja, na nilitaka siku hiyo isifike. Baba ndiye aliyelipia. Wewe ukalipia baada yake. Kisha nikakuita muuaji ili watu wasiulize mimi nilikuwa wapi.

Nilipokuwa nafuta zile nyota kwa tapentaini, nilijua kabisa mkono huo nilishawahi kuutumia.

Leo asubuhi, kabla ya kukaa kuandika, niliingia kwenye kundi la ukoo nikaandika yote haya kwa ufupi: kwamba nilidanganya, kwamba wewe ulimsubiri dada asiyekuja, kwamba ulifanya peke yako jambo ambalo lilikuwa letu sote wawili. Neno nililolisema mbele ya watu sikuona haki kulifuta kwa siri. Wewe ulishatoka kwenye kundi lile, kwa hiyo hutaliona, lakini watakuambia. Watu wawili wameshanijibu vibaya. Nilistahili.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba jambo dogo zaidi, au labda ni kubwa. Sijawahi kukuruhusu unieleze Baba alikufaje. Ulipoanza kunieleza, nilikata simu. Sasa najua inachukua muda gani, najua mkono unavyobaki na joto, na nakufikiria wewe kwenye chumba kile bila hata mtu wa kukubandua vidole. Niandikie. Niambie ni nani aliyekuwa ndani, alivaa nini, kama alikoroma, kama ulimwambia kitu. Usinipunguzie. Nitaisoma nikiwa nimekaa, na ikibidi nitaisoma mbele ya Mama Arzina.

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya shangazi wasiyemkumbuka. Mama msomee barua hii yote, usiruke ukurasa, maana naye alidanganywa. Goti ulikande kwa maji ya moto jioni na usipande ile ngazi ya stoo.

Nabaki mdogo wako mwenye hofu,

Nkatha